Panga la Feni Halisetiwi kwa Jicho

REHEMA: Mbukwenyi wasikilizaji! Mi Rehema, niko na Kaka Lazaro, fundi wa mota na mafeni huku Kizota, Dodoma, na leo kaja na stori ya kiwanda kimoja cha alizeti, jina tuliache.

LAZARO: Tuliache kabisa, msimu haujaisha na kazi bado naitaka.

REHEMA: Hahaha, haya, kulikoni?

LAZARO: Feni ya kutolea joto, ile kubwa ya ukutani, mapanga sita ya alumini, kipenyo mita 1.2. Panga moja lilipinda wakaleta jingine, wakalifunga hivihivi kwa macho bila kupima pembe lililolalia, si linafanana na wenzie, wakawasha. Dada, ukuta mzima unatetemeka, vumbi la mwaka juzi linadondoka toka kwenye kenchi.

REHEMA: Kwani likipishana kidogo tu shida iko wapi, si upepo tu ule?

LAZARO: We acha. Mota inazunguka kama mara 960 kwa dakika, kwa kipenyo hicho ncha ya panga inapita kilomita 200 kwa saa, treni ya SGR yenyewe ikija huku inaishia 160. Sasa kwa mwendo huo panga moja limelala zaidi, jingine limesimama zaidi, kila mzunguko shafti inavutwa upande, beringi zinakufa, bolti zinalegea, na panga likichomoka halichagui bosi wala kibarua.

REHEMA: Mh! Sasa mnapimaje?

LAZARO: Kwanza zima brekaa, piga kufuli, ufunguo mfukoni kwako. Halafu funga feni kamba, maana upepo wa Dodoma unaujua, unaizungusha hata umeme haupo na vidole viko ndani. Ukishamaliza hapo chukua kipima pembe, kile cha dijitali chenye sumaku... sumaku haishiki alumini lakini, unakishikilia kwa mkono. Weka alama kwenye kila panga, umbali uleule toka kwenye ncha, pima hapohapo kwa yote.

REHEMA: Kwa nini hapohapo?

LAZARO: Kwa sababu panga limejisokota, pembe ya karibu na habu, pale katikati mapanga yanapofungwa, sio ya kwenye ncha. Na kila panga ulizungushe lije sehemu ileile, tuseme upande wa kulia, ndo upime, usipande wewe kulifuata lilipo. Yote yakae ndani ya nusu nyuzi, ila kama kitabu cha feni kimesema vingine fuata kitabu.

REHEMA: Afu unakaza.

LAZARO: Taratibu! Ukikaza bolti moja hadi mwisho panga linageuka, kazi yote imeharibika. Kaza huku kidogo, kule kidogo, malizia na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kisha PIMA TENA. Hapo ndo vijana wengi wanaruka. Na feni ikishafanya kazi masaa kadhaa zima tena ukague bolti, maana zikishajikalia zinaweza kulegea kidogo.

REHEMA: Na uzito? Lile panga jipya lilikuwa sawa na wenzie?

LAZARO: Eeh hapo sasa. Mapanga yanakuja yamepimwa kwa seti, mengine yana namba, kila moja na mahali pake kwenye habu. Ukinunua moja peke yake lipime kwenye mzani na yale ya zamani, na uyaoshe kwanza maana vumbi na mafuta ya alizeti vikigandana panga linanenepa. Pale tulipolipima lilikuwa zito kuliko wote, tukaagiza seti nzima.

REHEMA: Mwenye kiwanda alifurahi?

LAZARO: Alinuna, ila alilipa. Akaomba tuyasimamishe zaidi apate upepo mwingi. Nikamwambia bosi, pembe ikiongezeka mota inakula ampia nyingi, na ukizidisha hewa inaachana na panga, unabaki na kelele na bili, upepo hakuna. Tukaongeza kidogo tu, nimeshika klampu mita, kile kipimo cha ampia kinachobana waya, nasoma fezi zote tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, nalinganisha na ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota.

REHEMA: Milango ikiwa wazi?

LAZARO: Hapana, swali zuri hilo! Pima feni ikiwa kwenye hali yake ya kila siku. Feni ya aina hii njia ya hewa ikiziba, mzigo kwenye mota unapanda badala ya kushuka, kwa hiyo ukipima kila kitu kiko wazi ampia zinakudanganya. Na sisi huku tuko juu ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, hewa nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko Dar, feni iliyosetiwa Dar ukiileta hapa ampia zinashuka, mtu anaona kuna nafasi anaongeza pembe. Wakati mota nyingi zimetengenezwa kwa mwisho mita 1,000, na hiyo hewa nyepesi, inayopoza kidogo, ndo inatakiwa iipoze.

REHEMA: Kuna msikilizaji wa Kibaigwa anauliza, feni yake baada ya matengenezo inaingiza vumbi ndani badala ya kutoa.

LAZARO: Huyo umeme umegeuzwa. Zikibadilishwa fezi mbili zozote kwenye mota, itazunguka inavyotakiwa, asiguse mapanga. Na amwite fundi umeme, asijaribu mwenyewe.