Panga bidhaa zako kwa CSS Grid: mwambie mzazi, usimwambie mtoto

Haya wadau, karibuni tena. Niko hapa Mwanjelwa, Mbeya, na hiyo kelele mnayoisikia ni mvua juu ya bati, siwezi kuizima. Leo tunapanga ukurasa wa wavuti wa duka la mazao kwa grid, ile sehemu ya CSS (lugha ya kuupa ukurasa mwonekano) inayopanga vitu kwa safu na mistari: mchele wa Kyela, parachichi, viazi, maharage, ndizi za Tukuyu, chai ya Rungwe. Bidhaa sita, visanduku sita.

Mambo ya head na body, zile sehemu mbili za faili la HTML (maelezo kwa kivinjari, na kinachoonekana), nayaruka, mnayajua. Nafungua section, boksi kubwa, naipa class="soko", ndiyo jina la kuiitia kwenye CSS. Ndani yake div, boksi dogo, class="bidhaa": picha, jina, bei. Naandika moja, nanakili tano. Tayari.

Sasa CSS, na hapa tupunguze mwendo. Naandika .soko, nafungua mabano, halafu display: grid, na nukta mkato usiisahau. Umeona nimeandika wapi? Kwenye soko. Soko ndiye mzazi, bidhaa zilizo ndani yake ndio watoto. Sio kwenye bidhaa! Narudia: grid anaambiwa mzazi, watoto wanapangwa.

Kosa hili lilinikesha mimi. Mteja anautaka ukurasa asubuhi, nimejifunika blanketi, baridi ya Julai ya huku si mnaijua, nabadilisha pikseli, nabadilisha rangi, visanduku vimepandana tu kama matofali ya kuchoma. Saa nane usiku ndiyo naona: grid nimeiweka kwenye .bidhaa. Na CSS haigombi, haikuletei maandishi mekundu. Tena kivinjari hakikukosea: kila bidhaa ilijipangia vya ndani mwake, picha, jina, bei. Zenyewe kwa zenyewe hakuna aliyeziambia zipangane. Kwa hiyo kabla hujagusa kingine, angalia: umemwambia nani?

Mstari unaofuata:

grid-template-columns: repeat(auto-fit, minmax(150px, 1fr));

Mrefu, lakini maana yake ni hii: kisanduku kisipungue pikseli 150, nafasi ikibaki wagawane sawa. Hiyo 1fr ni fungu moja. Auto-fit ni kukiachia kivinjari kihesabu chenyewe safu ngapi zinatosha. Chini yake gap: 12px, ndiyo uchochoro kati ya meza na meza. Kuna wanaoweka margin kila kisanduku, mimi sitaki, pembeni inabaki mianya ya ajabu.

Picha: width: 100%. Twende. Kwenye laptop zote sita mstari mmoja. Safi!

Nafungua kwenye simu... eh. Subirini. Mbona zimekuwa kama siafu? Zote sita mstari mmoja, bei haisomeki. Ngoja... nimeandika soko, ndiyo, mzazi nimemwambia... Aah! Nimeiruka head, imeniumbua mbele yenu. Sikati hii, muione. Weka mstari huu ndani ya head:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Bila huo, simu nyingi hujifanya zina upana wa pikseli 980, kisha zinaubana ukurasa wote utoshee kiooni. Piga hesabu: 150 mara sita ni 900, nyochoro tano za 12 ni 60, jumla 960. Zinaenea! Ndiyo maana zimejipanga zote. Grid haina kosa, imedanganywa upana.

Nahifadhi, naifungua upya. Hizo hapo, mbili mbili, kwenye simu ya pikseli 360.

Kuna mdau ataniuliza, mbona hutumii float, ile njia ya zamani ya kusukuma visanduku kushoto au kulia? Float niliitumia hadi nikaichukia. Tangu Machi 2017 Chrome, Firefox na Safari zote zinaielewa grid, kwa nini nijitese? Flex, njia nyingine ya CSS ya kupanga, naipenda kwa menyu ya juu, vitu vya mstari mmoja. Meza za soko, grid.

Anayetaka nimkalie karibu, darasa langu ni Jumamosi, njoo na laptop na chaja, na koti. Ukikwama kabla ya hapo, nitumie picha ya CSS yako, ila nitaanza kukuuliza lile lile: grid umemwambia nani?