Mstari wa Tahadhari: Muuguzi Aliye Kazini Anaporudi Chuoni

Ndugu wauguzi na wakunga wenzangu, viongozi wa idara mliotenga muda wenu, na ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaamua kupita hapa kabla ya kwenda kulala, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya muuguzi mwenye stashahada ambaye, baada ya miaka kadhaa ya kazi, anaamua kurudi chuoni kusomea shahada. Nitazungumza kama mtu aliyeipita njia hiyo, kwa kuwa nilifanya kazi leba miaka 11 kabla ya kuketi tena darasani, nikiwa na watoto wawili wa kulea na zamu zilizoendelea kupangwa kana kwamba mimi si mwanafunzi.

Niruhusuni nianze na karatasi ambayo kila mkunga aliyemo humu ameishika, yaani patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Kwa miaka 11 niliijaza usiku na mchana: alama ya X kwa mlango wa kizazi unavyofunguka, duara kwa kichwa cha mtoto kinavyoshuka, nukta za mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na visanduku vya mikazo ya uchungu. Nilijua kwamba alama zangu zikivuka mstari wa tahadhari, ule wa mshazari unaoonyesha kasi ya chini inayotarajiwa, napaswa kumtafuta daktari au kuandaa rufaa, na kwamba mstari wa hatua, ambapo uamuzi hauwezi kungoja tena, uko saa 4 mbele yake. Jambo ambalo sikuwahi kujiuliza, hata mara moja, ni nani aliyeichora mistari ile, na kwa nini aliichora pale na si kwingine.

Nilipata jibu darasani. Mistari ile ilitokana na kazi ya Philpott na Castle, madaktari waliokuwa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na waliichapisha mwaka 1972. Walikuwa wakitafuta namna ya kumsaidia mkunga aliye kwenye zahanati, mbali na daktari, ajue ni wakati gani hasa wa kumpeleka mama hospitali kubwa. Nakumbuka nilivyoshusha kalamu siku ile. Karatasi niliyodhani imetoka Ulaya ikaletwa kwetu tuitii, kumbe ilitengenezwa Afrika kwa ajili ya mtu kama mimi, katika mazingira kama ya kituo nilichoanzia kazi. Kisha mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba kanuni ya mlango wa kizazi kufunguka sentimita 1 kwa saa, iliyoubeba mstari wa tahadhari, haitoshi kumtambua mama aliye hatarini, kwa sababu wanawake wengi huenda polepole zaidi ya hapo na wakajifungua salama. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, ambao unahesabu uchungu hai kuanzia sentimita 5 badala ya 4, na mstari ule wa mshazari haumo tena.

Semina ya siku mbili ingeweza kunieleza kwamba mstari umeondolewa, na ningetii kama nilivyotii ulipokuwepo. Chuo kilinifundisha kusoma utafiti uliouondoa, kuuliza ni akina mama wangapi waliohusika, walikuwa wapi, na kama hali yao inafanana na ya mama ninayemhudumia. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha shahada kwa muuguzi ambaye mikono yake tayari ina ujuzi: anajifunza kuutolea ujuzi huo sababu, na kuubadilisha sababu zinapobadilika.

Haikuwa rahisi, na sitawaficha. Insha yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko wino wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiandika kama ninavyoandika ripoti ya zamu, kwa Kiingereza cha mkato: mgonjwa amepokelewa, dawa imetolewa, hali inaridhisha. Siku nzima tunazungumza na wagonjwa kwa Kiswahili, tunaandika kwenye faili Kiingereza cha vifupisho, na hakuna anayetudai sentensi yenye “kwa sababu” ndani yake. Mwalimu aliandika pembeni swali moja, akalirudia karibu kila aya: umejuaje? Nililia, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa najua, ila sikuwa na maneno ya kuonyesha nimejuaje. Wenzangu wengi wanaoacha masomo muhula wa kwanza wanashindwa hapo, si kwenye fiziolojia wala famakolojia, na ndiyo maana nawaomba walimu wa vyuo wasimchukulie muuguzi huyu kama kijana aliyetoka kidato cha sita. Apewe mapema masomo ya uandishi, na aruhusiwe kuandika juu ya wodi yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenileta hapa, nalo linawahusu zaidi viongozi wa idara. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi kutoka Marekani, uliochunguza wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Ulionyesha kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Takwimu hii hunukuliwa mara nyingi tunapohamasishana kusoma. Inayosahaulika ni ile iliyo kando yake katika utafiti uleule: kila mgonjwa 1 anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na kupanda kwa uwezekano huo kwa asilimia 7 hizohizo. Ni hospitali za Ulaya, na uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja limesababisha lingine, lakini yeyote aliyewahi kubaki peke yake usiku na wodi nzima hatashangaa.

Ziwekeni takwimu hizo mbili pamoja. Hospitali inayompeleka muuguzi masomoni bila kuijaza nafasi yake inawatwisha waliobaki wagonjwa wake, na mgonjwa wa leo ndiye anayelipia elimu ambayo faida yake itakuja baadaye. Na hospitali inayomwacha asome kwa kuiba usingizi, akitoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi na kuingia darasani saa 2, inamweka mbele ya wagonjwa muuguzi aliyechoka na mbele ya walimu mwanafunzi aliyesinzia. Mimi nilisoma hivyo muhula mzima. Usiku mmoja nilijikuta nasoma lebo ya dawa mara tatu bila kuielewa, nikamwomba mwenzangu aisome kwa sauti. Nilikuwa na mtu wa kumwomba. Wapo ambao hawana.

Upo utaratibu mwingine, nao si ndoto. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kuwasomesha wauguzi walio kazini katika Tanzania, Kenya na Uganda kwa mpango unaomweka mwanafunzi darasani siku chache za juma huku akiendelea na kazi siku nyingine. Nchini Kenya, shirika la afya la AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza mwaka 2005 kuwafikishia wauguzi wa ngazi ya cheti masomo ya stashahada kwa njia ya kompyuta, wakiwa huko huko vituoni kwao. Ngazi ni tofauti, lakini mipango yote miwili ilianza kwa kukubali kwamba mwanafunzi huyu ana zamu.

Juu ya barua za ruhusa nitasema machache. Mtumishi wa umma asiende masomoni bila ruhusa ya maandishi ya mwajiri, hata kama amekubaliana kwa mdomo na kiongozi wake, na barua hiyo aiombe kabla chuo hakijafunguliwa.

Linaloniuma zaidi ni kurudi. Afisa muuguzi msaidizi, yaani mwenye stashahada, anahitimu shahada, anabadilishiwa kada na kuwa afisa muuguzi, kisha anarudishwa kwenye meza ileile, na la kwanza analoambiwa ni kwamba sasa atasaidia kupanga rosta kwa kuwa amesoma. Mimi niliporudi, muuguzi mfawidhi wangu aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwomba dakika 20 kila Jumatano, wakati wa kukabidhiana zamu, tufungue patografu moja ya juma lililopita na kuulizana kila uamuzi ulifanywa kwa sababu gani. Jumatano ya kwanza walisimama watu watatu, wakiwa na mikoba yao begani tayari kuondoka. Jumatano ya nne mkunga mmoja mwenye umri wa mama yangu, ambaye hajawahi kukanyaga chuo kikuu, alituonyesha kwa kidole mahali ambapo sote tulikuwa tumesoma mapigo ya mtoto vibaya.