Kopo Lisilo na Kitako

KAZUNGU: Dada Zainabu, Jumanne mzee anayenielekeza alikuja malishoni na kopo lisilo na kitako. Alilipigilia ardhini katika kipande ambacho ng'ombe wangu 14 hawajakikanyaga kwa siku 50, akalijaza maji, nayo yakazama kabla sijahesabu hadi mia. Kisha akalihamishia njia wanayopita kila asubuhi, na hapo maji yalitulia hadi tukamaliza chai.

ZAINABU: Yasiyozama ndiyo ninayoyaona baharini, kaka. Kaskazi ikivuma, maji ya mto Sabaki husukumwa kusini, na bahari ya Malindi ikawa nyekundu kwa tope, ilhali kusi huyageuza kuelekea Mambrui.

KAZUNGU: Tumekusudia kuzungumzia malisho leo, na mambo matatu nimeyaandika.

ZAINABU: Haya ndiyo malisho yenyewe. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na tope lile lilipofika kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, alikuwa akisema kwamba shamba la mtu limepita.

KAZUNGU: Mto huo umepita Machakos kabla ya kunifikia mimi.

ZAINABU: Najua, lakini na kwako umepita.

KAZUNGU: Nimekubali, na ndiyo maana ninawahamisha. Mfaransa André Voisin alieleza mwaka 1957 kwamba nyasi huumizwa na muda kuliko wingi wa mifugo, kwa kuwa jani jipya huchipuka kwa akiba iliyo mizizini, na ng'ombe akiling'ata tena kabla akiba hiyo haijarudi, mzizi hufupika na udongo hubaki wazi. Mzee ameniambia nisipunguze hata mtamba mmoja, bali niwakusanye pamoja, wale siku tatu, kisha waondoke.

ZAINABU: Hapo sikubaliani naye, kwa heshima zake zote. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, na nyasi isiyonyeshewa haioti hata ukiipumzisha mwaka mzima. Ng'ombe 14 kwenye ekari zako ni wengi.

KAZUNGU: Ni wengi wakiachwa watawanyike.

ZAINABU: Ni wengi hata wakitembea kwa mstari. Wafugaji Waorma walihama na mifugo yao hadi kingo za mto Tana wakati wa kiangazi, na nyuma yao ardhi ilipumzika kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda. Wewe una uzio.

KAZUNGU: Uzio ndio unaoniwezesha kuipumzisha.

ZAINABU: Uzio hauleti mvua, kaka.

KAZUNGU: Muda wetu umekwisha, na katika yale matatu sijasoma hata moja.

ZAINABU: Basi nijibu hili tu: masika yasiponyesha, utauza wangapi?

KAZUNGU: Siuzi. Nitawahamishia kipande cha saba.

ZAINABU: Na baada ya cha saba?

KAZUNGU: Njoo Jumanne, mzee atakuwepo, na kopo tutakupa ulipigilie mwenyewe.