Kabla ya Kuuliza Bei, Soma Kibati cha Mota

Mwangaluka! Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mashine za useremala kwa mtu mwenye karakana nyumbani: anunue mpya au mtumba? Najua wengi wenu hapa Mwanza mnafanyia kazi uani, Buhongwa, Pasiansi, Igoma, kwenye chumba kimoja cha bati, na luku ni ileile ya kupigia pasi. Nyinyi ndio nilio na neno nanyi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnibishie vizuri. Chuma nunua cha zamani, umeme nunua mpya. Meza na fremu ya mashine hata ikiwa na miaka 40 haina neno. Mota, swichi na nyaya ni habari nyingine kabisa.

Nendeni dukani mkauguse ule msumeno mdogo wa meza, mpya, wa bei nafuu. Meza ni aluminiamu nyembamba, miguu ni bati lililokunjwa. Pitisha ubao wa mninga wa inchi mbili uone unavyotetemeka. Mtetemo ule haupotei, unauona kwenye mkato na kwenye kona inayokataa kukaa mraba. Sasa chukua msumeno wa zamani wa kasti, yaani chuma kizito cha kumimina, kama zile Wadkin zilizotengenezwa Leicester, Uingereza. Unakaa tuli kwa uzito wake, na kasti yenyewe inameza mtetemo.

Kutu isiwatishe. Tunaishi kando ya ziwa, kila chuma chetu kinashika kutu. Ile ya juujuu inatoka kwa msasa na mafuta ya taa, halafu unapaka nta ya mshumaa na ubao unateleza vizuri. Kinachotisha ni ufa. Kasti haipindi, inapasuka, na si kila mchomeleaji anaiweza. Kwa hiyo chuchumaa. Tazama chini ya meza, kwenye matundu ya boliti, kwenye pembe. Ukikuta rangi imepakwa juzi, ikague mara mbili.

Kisha beba rula ndefu ya chuma na karatasi za kawaida za kuandikia. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Simamisha rula juu ya meza, pima urefu, upana na pembe kwa pembe. Karatasi moja ikipenya chini ya rula, sina ugomvi. Zikipenya tatu kwenye meza ya randa, shukuru mwenyeji uondoke.

Beringi mbovu si sababu ya kuikimbia mashine, ni sababu ya kushusha bei. Toa mkanda, zungusha kwa mkono, sikiliza. Beringi ina namba. Ikiandikwa 6205, shimo ni milimita 25, kipenyo cha nje 52, unene 15, iwe imetoka Ulaya au China. Utaipata mjini.

Sasa umeme, na hapa naomba tutulie.

Niliwahi kununua randa ya mashine iliyotoka Marekani. Meza zilinyooka kama maji ya ziwa alfajiri. Muuzaji akanipa na transfoma ya kushusha volti 230 zetu ziwe 120, akasema kila kitu kiko sawa. Ilidumu wiki sita. Ilifia kwenye paina ya Buhindi, mbao ambazo hazijakauka vizuri, na moshi wa mota ile naukumbuka hadi leo. Kibati, kile kipande cha bati kwenye mota chenye maelezo ya umeme wake, kilikuwa kimeandika Hz 60 tangu siku ya kwanza. Sikukisoma.

Transfoma inabadili volti, haibadili hezi, hiyo Hz, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50. Mota ya mashine kubwa, ile isiyo na kaboni (brashi za kupitisha umeme) ndani, inafuata hezi: iliyopangiwa mizunguko kama 3,450 kwa dakika kwao, kwetu itazunguka kama 2,850. Visu vinapungua kasi, feni ya kuipoza inapungua kasi, na hapohapo mota inavuta umeme mwingi kuliko ilivyosukiwa. Joto linapanda mpaka waya zinaungua. Mashine za Japani nazo muwe macho: kule volti ni 100, na nchi imegawanyika, Tokyo hezi 50, Osaka 60. Uingereza na Ulaya wako hezi 50 kama sisi.

Halafu kuna umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu. Mashine nyingi nzuri za viwandani zinauhitaji, na nyumbani una njia moja. Kibati kikiandika 230/400, mota inaweza kuungwa upya na kuendeshwa kwa inveta inayotoa njia tatu kutoka kwenye njia moja. Kikiandika 415 peke yake, panga bajeti ya mota nyingine kabla hujatoa hela.

Drili, ruta na msumeno wa mkono nunua vipya. Hivyo havina uzito wa chuma wa kukufaidi, na huwezi kujua aliyetangulia alivibana kiasi gani.

Kuna chuma cha zamani ninachokikataa bila mjadala: randa ya mashine, ile unayosukuma ubao kwa mkono, yenye kichwa cha visu cha mraba. Pengo lake linameza vidole. Tafuta kichwa cha mviringo.

Na swichi. Zile za zamani za kuvuta zinabaki zimewashwa umeme ukikatika. Wewe unainama kutoa kipande kilichokwama, umeme unarudi, msumeno unaanza kuzunguka mkono wako uko ndani. Hapa Mwanza umeme ukikatika haumpigii mtu simu kwamba unarudi. Wekeni swichi inayojizima umeme ukikatika, ambayo haiwaki tena mpaka uibonyeze wewe mwenyewe. Mwezi huohuo unaonunua mashine, kabla ya kupasua ubao wa kwanza, hata kama kiti cha mteja kinasubiri.

Sasa maswali. Mwenye picha ya kibati kwenye simu yake asogee mbele tukisome pamoja.