Mashogi ya Baiskeli kwa Jerikeni Mbili

Ndugu waendeshaji, na nyinyi mafundi mliokaa karibu na mlango, habari za mchana. Leo tunageuza jerikeni mbili kuwa mashogi ya kutundika kwenye keria ya baiskeli.

Watu wa pwani humbebesha punda mashogi: makapu mawili ya ukili, moja kila upande, yenye uzito unaolingana. Shogi la punda halina ndoano wala bolti kwa sababu punda ana ubavu, na mzigo unaegemea nyama. Baiskeli haina ubavu. Ina spoki. Ndiyo maana leo sitasema mengi juu ya jerikeni yenyewe. Jerikeni ya njano ya lita 20 ni ngumu, hata watoto wanaikalia kisimani. Nitakaa zaidi kwenye mshiko, yaani jinsi jerikeni inavyoshikwa na keria, kwa maana hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Kwa mashogi mawili tafuta jerikeni mbili zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Iliyotiwa dawa ya mimea au asidi, iache hata ukipewa bure. Hadiwea nunua chuma bapa cha upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3, mita moja na nusu. Bolti 12 za milimita 6, zile za spana namba 10, zenye urefu wa milimita 20. Nati 12 zenye plastiki ndani. Na washa pana 24. Tyubu kuukuu utapewa na fundi wa baiskeli. Usinunue gundi. Plastiki hii haishiki vizuri gundi za kawaida, na rangi nayo hubanduka.

Kabla ya kukata, pima. Ziweke jerikeni zote mbili kwenye baiskeli, mtu azishike, kisha linganisha upana wake na usukani. Zikizidi usukani, tumia za lita 10. Usukani ukipita kati ya teksi mbili pale Kampala, wewe unaamini umepita. Jerikeni ndiyo itakayokwambia hujapita.

Sasa kifuniko. Jerikeni isimame wima, ubavu mpana ukielekea gurudumu. Kata sentimita 6 chini ya mabega, pande tatu tu. Upande mwembamba wa mbele, ule unaotazama pedali, uache mzima uwe bawaba. Ukiacha wa nyuma, upepo wa mteremkoni utaingia chini ya kifuniko na kukifunua. Ukiacha wa kwenye keria, hutafungua mpaka ushushe mzigo wa juu. Kila unapoishia mkato, toboa kwanza tundu la duara la milimita 8 ndipo ukate mpaka hapo. Mkato unaoishia kwa ncha kali huendelea kupasuka wenyewe. Pembeni mwa kifuniko funga ukanda wa tyubu unaoning'inia sentimita 3 chini ya mkato, mvua isiingie. Kifungo ni ukanda mwingine wa tyubu unaovutwa mpaka kwenye bolti moja iliyofungwa upande wa nyuma wa jerikeni. Na mpini wa juu, sasa umekuwa mpini wa kifuniko: ukiinua nao shogi lililojaa, unang'oa bawaba.

Ndoano. Tazameni hii niliyoshika. Kipande ni sentimita 18: 10 zimenyooka, zinalala kwenye mgongo wa jerikeni, zilizobaki zimepinda juu ya bomba la keria, na ulimi wa sentimita 4 unashuka upande wa pili. Ulimi mfupi huruka kwenye shimo la kwanza la murram. Ikunje kwenye jiliwa kwa kuizungushia chuma kinene kidogo kuliko bomba la keria, ili pabaki nafasi ya kipande cha tyubu. Bila tyubu, chuma hula chuma, na kelele itakuchosha kabla ya mzigo. Wenye keria za abiria, zile za boda boda za baiskeli, mto wenu umefunika bomba: ufungueni kwanza, au mtoboe nafasi ya ndoano.

Kila jerikeni ina ndoano mbili zilizoachana sentimita 18, kila ndoano kwa bolti mbili. Bolti za juu ndizo zinazobeba. Basi kwa ndani zipitishe kwenye kipande kimoja cha chuma bapa cha sentimita 24 kinachounganisha ndoano zote mbili. Washa peke yake huzama taratibu kwenye plastiki, nati inalegea, tundu linapanuka, na siku moja ndoano inabaki kwenye keria bila jerikeni. Kichwa cha bolti kikae upande wa gurudumu, nati ndani, na ncha uifunike kwa tyubu isichane mfuko wa unga. Toboa kwa drili ya milimita 6.5. Msumari wa moto hutoboa, ndiyo, lakini huacha kingo zilizoungua, na ufa huanzia hapo.

Kisigino je? Kaa kitini, zungusha pedali mpaka iwe nyuma kabisa: kati ya kisigino na jerikeni pawe na sentimita 3 au zaidi. Pasipotosha, sogeza ndoano kuelekea mbele ya jerikeni, na jerikeni itarudi nyuma. Mpaka wake ni huu: katikati ya jerikeni pasitoke nje ya ndoano mbili. Pakitoka, shogi huinamia nyuma kila ukikanyaga.

Chini, funga bolti moja yenye kitanzi, kisha ukanda wa tyubu wa sentimita 3 uvutwe mpaka kwenye mguu wa keria karibu na ekseli. Bila huo, jerikeni inabembea na kuingia kwenye spoki. Keria isiyo na mguu wa pembeni, chukua chuma cha duara cha milimita 6, kile wajenzi wanachokunjia ringi za nguzo, kikunje kama herufi U, ponda ncha, toboa tundu la ekseli.

Usipakie zaidi ya kilo 10 kila upande, kizito chini. Jerikeni ingebeba maji kilo 20, lakini maji hayo yalikuwa yamesimama chini. Jaribu kwa mchanga, kilomita 5 za njia mbovu, kisha kaza nati zote.

Wabeba mukene, wale dagaa wa ziwani, toboeni matundu mawili ya milimita 5 kwenye pembe za chini na msuuze ndani kila jioni, kwa sababu chumvi hula bolti upande ule msiouona. Na plastiki ikianza kuwa nyeupe na kutoa unga ukiisugua, jua limeshaimaliza. Fungua vyuma, vihamishie kwenye jerikeni nyingine.