Fomu Inayouliza Wewe ni Nani: Wasema Kijerumani wa Tirol ya Kusini

Mabibi na mabwana, nashukuru kwamba hamjaondoka, maana nimepangiwa saa mbaya, pilau ikiwa bado nzito tumboni.

Nianze na lugha yetu. Kwetu Mjerumani ni mtu wa Ujerumani, na Kijerumani ni lugha yake. Kinachobadilika ni kiambishi tu, basi tunadhani mambo haya mawili yalizaliwa siku moja. Lakini humu ukumbini sote tunasema Kiswahili; nikiomba Waswahili wanyooshe mikono, itapanda michache, tena kwa kusitasita. Shikeni hilo, tupande milimani.

Tirol ya Kusini iko kaskazini kabisa mwa Italia. Mji wake mkuu una majina mawili: Bozen kwa Kijerumani, Bolzano kwa Kiitaliano. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa ya Austria. Mkulima wa huko, ungemwuliza mwaka 1910 yeye ni nani, angekwambia ni Mtiroli, Mkatoliki, mtu wa Kaisari wa Vienna. Shujaa wake alikuwa Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni aliyeongoza uasi wa mwaka 1809 dhidi ya Wafaransa na Wabavaria. Wabavaria, jamani, nao wanasema Kijerumani! Shujaa wa watu hawa alipata sifa kwa kupigana na wenye lugha yake.

Swali la utaifa walililetewa. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliofunga vita na Austria, uliipa Italia nchi yote hadi njia ya mlimani ya Brenner, na wenyewe hawakuulizwa. Mafashisti wa Mussolini waliposhika dola, seneta Ettore Tolomei alisimama Bolzano mwaka 1923 akatangaza hatua 32 za kuwafanya watu hawa Waitaliano. Mabonde na vijiji vikapewa majina ya Kiitaliano, neno Tirol likapigwa marufuku, na shuleni Kijerumani kikaondolewa darasa baada ya darasa. Hata makaburi yaliguswa: maandishi mapya ya Kijerumani yalikatazwa. Watoto wakafundishwa kusoma kwa siri, katika shule walizoziita za makatakombe, yaani mapango ya maziko, kwa kuwakumbuka Wakristo wa kale wa Roma. Mwalimu mmoja, Angela Nikoletti, alifungwa kwa kosa hilo, na mwaka 1930 alikufa kwa kifua kikuu, umri wake miaka 25.

Hapo ndipo wengi walipoanza kutazama kaskazini, kwa Hitler, wakitaraji atawakomboa. Naye aliwauza. Alimhitaji Mussolini kuliko alivyowahitaji wao, hivyo mwaka 1939 wakubwa hao wawili wakakubaliana: kila familia ichague hadi tarehe 31 Desemba, ama ihamie Ujerumani, ama ibaki na kuukubali Uitaliano. Yaani ukitaka kubaki Mjerumani uiache nchi yako. Ukiitaka nchi uiache lugha. Ukazuka uvumi kwamba watakaobaki watapelekwa Sicilia. Padri Michael Gamper aliwasihi watu wasiondoke, lakini takriban 86 katika kila 100 walichagua Ujerumani. Ndugu waligombana, majirani wakatemeana mate, waliobaki wakaitwa wasaliti. Mnisamehe nikichelewa hapa: nadhani majeraha ya mwaka ule, ya mtu na ndugu yake, yalikwenda ndani kuliko yale ya Tolomei. Vita vikakatiza uhamaji. Walioondoka kweli ni kama 75,000, na baadhi walirudi baadaye.

Sasa mtazameni Silvius Magnago, kiongozi wao mkuu baada ya vita. Jina la ukoo ni la Kiitaliano. Mguu aliupoteza vitani upande wa mashariki, akiwa na sare ya Ujerumani. Mwaka 1957, mbele ya watu kama 35,000 katika ngome ya Sigmundskron, alidai mkoa wake ujitenge na Trento, mkoa jirani wa kusini, kwa kuwa mamlaka iliyoahidiwa katika makubaliano ya Italia na Austria ya Paris ya mwaka 1946 iliwekwa chini ya eneo moja na Trento, ambako Waitaliano ndio wengi. Usiku mmoja wa Juni 1961 wenye hasira zaidi walilipua nguzo za umeme zipatazo 37. Mazungumzo yakachukua miaka, na mwaka 1972 sheria mpya ya mamlaka ya ndani ikaanza kutumika.

Amani ikaja, na fomu nyingine. Kazi za serikali zinagawanywa kwa uwiano wa makundi matatu, Wajerumani, Waitaliano na Waladini, wenye lugha yao ndogo ya milimani, kwa hiyo sharti ujitaje. Alexander Langer, mwanasiasa wa mazingira, aligoma kujaza mwaka 1981. Mwaka 1995 akazuiwa kugombea umeya wa Bolzano kwa sababu hiyo hiyo. Kilichokuwa ngao ya lugha kikawa ukuta kwa mtu aliyetaka kusimama katikati.

Mchezaji tenisi Jannik Sinner, aliyezaliwa huko mwaka 2001 na kukulia Sexten, lugha ya kwao nyumbani ni Kijerumani na bendera yake ni ya Italia. Baadhi ya Waitaliano wamewahi kuuliza kama huyu ni wao kweli.

Mtoto wa mama Mjerumani na baba Mwitaliano naye akitaka kazi ya serikali atachagua kundi moja. Asiyejiona katika lolote kati ya matatu ataonyesha ni lipi ahesabiwe nalo. Karatasi hiyo hutiwa katika bahasha, ikafungwa, ikawekwa mahakamani Bolzano.