Swali Limechukuliwa: Mhadhara Niliotoa Ngomeni, Amu (Lamu)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Mkomani na Langoni, na nyinyi wa Shela mnaotazama saa kwa kuwa maji yanakupwa na nahodha amesema hangojei mtu: sitawaweka sana.

Nilipoambiwa tutakutana humu Ngomeni nilicheka peke yangu. Vijana hamkuwahi kuliona hili, lakini wenzangu mnakumbuka kwamba nyumba hii ilikuwa jela mpaka 1984. Tukipita Mkunguni kwenda sokoni, mama alikuwa akinivuta mkono nisitazame mlangoni. Yeo nimesimama ndani ya ua wake, nimepewa kipaza sauti, na nimeombwa niseme ninavyoona kuhusu harakati za wananchi, vyombo vya habari na burudani. Waandaaji wamenipa pilau ya watu mia na sufuria ya watu kumi. Lakini kwangu mimi mambo hayo matatu ni jambo moja, na nitawaonyesha kwa nini.

Nianze na redio ya nyumbani kwetu. Ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mama mwenyewe, utadhani bibi harusi. Betri zikichoka hazikutupwa. Zilianikwa juani pamoja na pilipili, jioni zikarudishwa ndani, zikapata uhai wa taarifa moja ya habari. Leonard Mambo Mbotela alipokuwa akiuliza kwenye kipindi chake, kilichoanza 1966, "Je, huu ni ungwana?", nyumba nzima ilijibu kwa sauti moja: "Si ungwana!" Mbotela hakutusikia. Utotoni sikuliona hilo. Mtu anaiuliza nchi nzima swali, na nchi haina njia ya kumfikishia jibu.

Ndiyo maana tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walipoasi walikimbilia studio ya redio ya taifa, wakamlazimisha Mbotela huyohuyo asome tangazo lao. Walijua nchi ina mdomo mmoja, na ukiushika huo umeishika nchi, hata kama ni kwa saa chache. Jiulizeni waasi wa leo wangekwenda wapi. Wangeteka simu ya nani? Januari 2018 serikali ilizima vituo vikubwa vya runinga kwa sababu ya kule kuapishwa kwa mpinzani Raila Odinga katika Uhuru Park, na watu wakatazama simuni, mambo yakaendelea.

Basi mdomo mmoja umekuwa midomo mamilioni, na wengi wanaona hapo tumefika, sasa tuna uhuru. Mimi nina neno.

Mji huu ulikuwa na chombo chake cha habari kabla ya redio na kabla ya gazeti. Kilikuwa shairi. Na shairi la Amu halikuwa la mtu kujisemea peke yake. Wakati wa vita vya Shela, karne mbili zilizopita, ngome hii haijamalizwa kujengwa, Amu na Mvita, yaani Mombasa, walipigana kwa mashairi vilevile. Muyaka akirusha lake kutoka Mvita, huku Bwana Zahidi Mngumi analipokea na kulirudisha. Kujibu kulikuwa na adabu yake: unafuata mizani ya mwenzako, na ukiwa fundi kweli unafuata hata vina vyake. Hebu fikirini. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hukumsikiliza mpaka mstari wa mwisho. Utakwama.

Miaka ya 1970 mambo hayo yakaingia kwenye kanda. Uchaguzi wa ubunge huku kwetu ukazaa mashairi ya kujibizana yaliyoitwa Kimwondo, na watu wa rika langu mnatabasamu kwa sababu mnajua nasema nini. Mama alikuwa na kanda zake ndani ya kopo la biskuti. Ikitoka nyumba hii kwenda nyumba ile ilipita chini ya buibui. Ikisikilizwa, ikinakiliwa, baada ya siku chache jibu linakuja kwa kanda nyingine. Utepe ukijikunja tuliurudisha kwa penseli, polepole, mama amesimama juu ya kichwa changu: "Ukiukata, wewe ndiwe utakayetunga jibu." Hapakuwa na studio wala leseni. Kwa hiyo vijana mkisema nyinyi ndio wa kwanza kusambaza siasa bila idhini ya mtu, mniwie radhi. Bibi zenu waliwatangulia.

Na kabla ya kanda kulikuwa na ngoma. Mombasa wanawake walikuwa na vyama vya lelemama, Banu Saada na Ibinal Watan, wakishindana kwa sare, kwa karamu na kwa nyimbo. Aliyefanya jambo la aibu aliimbwa. Jina halikutajwa na hakuna asiyejua ni nani. Naye hakuwa na haja ya kwenda polisi kushtaki: alikuwa na chama chake, na chama chake kina watunzi. Baadaye, kwenye miaka ya 1950, kutoka katika mashindano hayohayo vikatokea vyama vya wanawake Waislamu vya kushughulikia elimu na maendeleo yao. Hawakuanza na semina hotelini. Walianza kwa kucheza. Kufikia hapo walikuwa wanajua tayari kukusanya ada, kumwekea mhazini macho, kuita watu wakaja, na kugombana usiku na kukutana tena asubuhi. Mtu akiniambia burudani inawapoteza watu wasishughulikie mambo yao, huwa namuuliza anadhani hayo yote mtu hujifunza wapi.

Ila burudani nayo hununuliwa. Mnakumbuka Redykyulass, wale vijana watatu waliokuwa wakimwigiza Rais Moi, naye bado yuko Ikulu? Tulicheka tukitazama mlango. Hofu ikalegea kidogo kila wiki. Leo mwanasiasa ameelewa somo, anamlipa mchekeshaji aje amwigize yeye mwenyewe kwenye mkutano wake. Hapo kicheko kimekuwa marashi, kinanyunyizwa kabla ya mheshimiwa kupita. Sisemi wachekeshaji wafe njaa. Nasema tu kwamba nikimwona mwenye kuchekwa ndiye anayecheka kuliko wote, huwa natafuta risiti.

Sasa tuje kwenye makaa ya mawe, kwa sababu nikiondoka hapa bila kuyataja mtasema nimeogopa.

Mtambo ule wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulikuwa ujengwe Kwasasi, hapo mbele tu. Tulikuwa na fulana, tulikuwa na mabango, tuliandamana, tukapigwa picha nyingi. Sizibezi, zangu ninazo. Lakini kilichousimamisha mtambo hakikupigwa picha, kwa kuwa hakipendezi kwenye picha. Ni watu wa Save Lamu, muungano wa wananchi wa huku kwetu, na wenzao wameketi chini na ripoti ya mazingira, makaratasi yasiyokwisha, Kiingereza cha wataalamu, mmoja anasoma, mwingine anafasiri, wa tatu anauliza, "Rudia hapo." Leseni ilipotolewa 2016 wakakata rufaa. Kisha wakangoja, wakapanda basi, wakarudi, wakangoja tena. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kusikiliza kesi za mazingira likaifuta leseni.

Na sababu kubwa ilikuwa nini? Kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Vikao viliitishwa, hakuna anayekataa, lakini viliitishwa kabla ya ripoti kukamilika. Watu waliombwa maoni juu ya kitu ambacho hakijaandikwa. Nilipolisikia hilo nilikumbuka kopo la biskuti la mama. Ni kuambiwa ujibu shairi ambalo hujasomewa.

Nilipata kuhudhuria kikao cha namna hiyo, cha mradi mwingine, sitautaja. Mlangoni kuna daftari, unaandika jina, nambari ya simu na sahihi. Mimi nilidhani ni ya nauli. Baadaye nikaambiwa orodha ile ndiyo ushahidi kwamba tulishirikishwa. Mvuvi mmoja mzee alisimama akauliza maji yatakayorudishwa baharini yatakuwa na joto gani, kwa sababu kamba hawapendi joto. Swali la mtu aliyefikiri. Ofisa akaandika kwenye karatasi yake, akasema, "Mzee, swali lako limechukuliwa." Tukala mahamri, tukaenda zetu. Lilichukuliwa kweli. Mpaka leo halijarudishwa.

Wavuvi wetu walijifunza kwenye vikao kama hivyo, wakaenda mahakamani. Kesi yao ya mradi wa bandari ya Lamu ilifunguliwa 2012 na Mahakama Kuu ikaamua 2018: shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Hesabuni hiyo miaka. Hakuna klipu ya sekunde thelathini yenye subira hiyo.

Tarehe 26 Juni ina mambo yake. Miaka mitano kamili baada ya hukumu ya makaa ya mawe, 26 Juni 2024, Rais Ruto alitangaza kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha. Siku moja kabla yake vijana waliuawa Nairobi, na hilo silifanyii maneno mazuri. Ninachotaka mkione ni kilichotangulia. Vijana waliufungua mswada kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani kwao. Mpwa wangu alinieleza kodi ya mkate huku akikaanga bajia, mafuta yanaruka, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Na alinieleza sawasawa, nilikwenda kuhakikisha. Kwa hiyo msininukuu kwamba nimesema simu haina maana. Simu ile ilikuwa mikononi mwa watu waliosoma kwanza.

Yangu haikuwa hivyo, na hapa najishtaki mwenyewe. Mwaka fulani, msimu wa kusi, niliingiziwa sauti kwenye kundi la familia: mtu analia, anasema mashua imezama na watu wake wote. Sikungoja. Nikaituma kwenye makundi manne kabla sijavaa viatu. Mimi, niliyefanya kazi ya redio miaka kumi na minne, niliyekuwa nikiwafokea vijana wa chumba cha habari kwa kukosea jina la kijiji. Shangazi yangu yuko Faza, na mwanawe alikuwa njiani siku hiyo. Alipiga kelele mpaka majirani wakajaa uwanjani. Mwanawe alifika saa kumi na moja jioni, mzima, amebeba boga, akakuta watu wanamlilia. Sauti ile ilikuwa ya miaka ya nyuma, na wala si ya bahari yetu.

Niliomba radhi kwenye makundi yote manne. Sauti ya kilio ilikuwa imeshafika nisikokujua. Ile radhi yangu ilisomwa na watu tisa, nilihesabu, na mmoja akaniwekea kidole gumba.

Hapo ndipo nilipo. Enzi ya mdomo mmoja hatukuweza kujibu. Sasa tunaweza wote, usiku na mchana, bando likiwapo, na kinachotupita ni kwamba anayetakiwa kujibu hajibu, nasi hatumngoji. Tunamtukana, tunacheka, klipu nyingine inaingia. Msemaji wa ofisi fulani akiona moto umewaka mtandaoni hana haja ya kuuzima. Ananyamaza siku tatu tu, kwa kuwa siku ya nne kuna harusi ya msanii.

Kwa bahati sheria iko. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu. Likiwa jambo la uhai wa mtu au uhuru wake, ni saa 48. Unaandika barua, unaweka tarehe, unabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Haina muziki, najua. Nioneni mikono: nani hapa amewahi kuiandika barua hiyo?

Wawili. Na mmoja ni wakili, hahesabiwi.

Basi nimeleta karatasi na kalamu, ziko pale kwa kijana mwenye kofia ya vito. Tutaandika moja usiku huu, na swali lake ni lile la mzee wa kamba, kwa sababu mwenyewe ameketi hapa mbele na hajalisahau. Mtunzi yeyote aliyepo anaruhusiwa kuitia vina, bora tarehe isomeke.

Kabla ya hapo, yule mama pale penye ngazi amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipowagusa wachekeshaji. Mpelekeeni kipaza sauti. Nahodha wa Shela atatungojea kidogo.